Maumivu ya mgongo yaliyokuwa yanashuka mguuni, nilivyoyatuliza

Wakuu, nilikuwa na kilo 108, shoti inaanzia kiunoni inapita kalioni mpaka kwenye kisigino, kukaa dukani hapa Mbuyuni, Moshi, ilikuwa mateso. Daktari akasema disiki (kile kisahani laini katikati ya pingili za mgongo) kati ya L5 na S1, yaani pale chini kabisa kiunoni, imetokeza inabana neva, na kitambi kinavuta kiuno kwa mbele kwahiyo mzigo wote unaangukia hapohapo. Na akanikataza kulala kitandani siku nzima, eti misuli inakaza zaidi.

Mtu wa fiziotherapia akanipa zoezi la kulala kifudifudi unanyanyua kifua taratibu (maumivu yakizidi kushuka mguuni unaacha), usiku nalala ubavu na mto katikati ya magoti, jioni natembea kule Rau kwenye tambarare maana vilima vya Kibosho nisingeviweza.

Msosi ndo shughuli, Mchaga umwambie aache mbege, pombe yetu ya ndizi, jamani! Nimeacha ila roho iliuma, soda pia, mtori kibakuli kimoja siongezi.

Saivi nina kilo 95, ganzi inakuja mara mojamoja nikikaa sana. Ila wewe ukiona mkojo unagoma au ganzi sehemu za siri, nenda hospitali sikuhiyohiyo, hayo mazoezi sio ya kwako.