Siku Moja Katika Matuta ya Mchanga ya Pwani

Saa 12 asubuhi upepo bado ni mdogo, na nyayo za usiku zinasomeka vizuri. Leo nimekuta njia ya kasa jike iliyoishia chini ya tuta la mbele, lile lililo karibu zaidi na bahari. Nimekizungushia kiota vigingi, kwa maana mayai hukaa mchangani takriban miezi 2, na joto la mchanga huo ndilo linaloamua iwapo watoto watakuwa madume au majike.

Saa 2 nimekagua mwani ulioachwa na maji kujaa. Wapo wanaotaka uzolewe ili ufuo upendeze, nami hupinga jambo hilo kila nipatapo nafasi, kwa sababu mwani huo hunasa mchanga na mbegu, na hapo ndipo tuta changa huanzia.

Saa 4 upepo umepanda. Ukifikia takriban mita 5 kwa sekunde, chembe kavu huanza kurukaruka karibu na ardhi, kila moja ikiangukia nyingine na kuzirusha, mpaka zikutane na mmea unaopunguza kasi ya upepo. Ipomoea pes-caprae, mmea utambaao wenye maua ya zambarau, haufi upesi kwa kufukiwa: hutoa mizizi kwenye vifundo vya shina na kuchipua tena juu ya mchanga mpya, na hivyo tuta hupanda pamoja nao. Mmea huu unaovumilia chumvi, ukame na jua kali hauvumilii kukanyagwa mara kwa mara, na hilo ningependa kila apitaye hapa alijue.

Saa 6 mchana mchanga huwa wa moto mno, tumepumzika.

Saa 8 tumerudi kwenye pengo ambalo upepo umelichimba katika njia ya mkato, tukasimamisha uzio wa matawi makavu. Uzio wenye matundu hutuliza upepo, mchanga ukatua; ukuta usio na matundu huuvuruga upepo na kusababisha mmomonyoko pembeni. Hata hivyo, sikubaliani na kuziba kila pengo, kwani nyuma ya matuta upepo huchimba hadi karibu na maji ya ardhini, na mabonde hayo yenye unyevu yana mimea na vyura wasioweza kuishi kwenye mchanga mkavu.

Saa 10 jioni nimepima umbo la tuta la mbele. Dhoruba hulimega na kuupeleka mchanga majini, kisha mawimbi matulivu huurudisha ufuoni polepole, mradi mchanga wenyewe haujachimbwa na kubebwa kwa ajili ya ujenzi. Katika taarifa ya leo nimependekeza njia ya mkato ifungwe na watembeao wajengewe njia ya mbao iliyoinuliwa kabla ya msimu wa dhoruba.