Busha, nta na usiku wa Jumamosi kwa Artemios

Nikiirudia ile miujiza 45 ya Mtakatifu Artemios, iliyoandikwa Konstantinopoli (Istanbul ya leo) karne ya 7, ninachokiona kwanza ni wodi. Artemios alikuwa kamanda wa majeshi Misri, akauawa Antiokia mwaka 362 kwa amri ya Kaizari Julian. Masalia yake yalilala katika jeneza la risasi chini ya altare ya kanisa la Yohane Mbatizaji, mtaa wa Oxeia. Kazi ya mtakatifu huyo ilikuwa moja, kuponya: busha, ngiri, uvimbe wa korodani. Maradhi ya kuficha. Watu wa Pwani wanaijua aibu hiyo. Wanawake walihudumiwa na Mtakatifu Febronia.

Mgonjwa alifika na matandiko yake, akawasha taa ya mafuta, akalala upande wa kushoto wa kanisa, ndani ya uzio. Usiku wa kuamkia Jumapili kulikuwa na mkesha, nta iliyobarikiwa ikagawiwa, ikapakwa penye uvimbe. Baada ya hapo, kungoja usingizi. Wengine walingoja miezi.

Ndotoni mtakatifu alikuja kama tabibu, mara baharia, mara muuza nyama mwenye kisu na kikombe cha maji, akampasua mtu tumbo, akayaosha matumbo na kuyarudisha. Mwingine aliminywa korodani mpaka akapiga ukelele. Asubuhi matandiko yameloa usaha na damu, na harufu haivumiliki. Mwandishi wa miujiza hiyo anawabeza Hippocrates na Galen, matabibu mashuhuri wa Kigiriki wa kale, kila apatapo nafasi, ilhali mtakatifu wake anashika kisu kilekile chao.

Mimi siharakishi kusema ni uongo. Ngiri changa hurudi ndani mtu akilala chali, na kulala chali ndiko walikokuwa wakifanya siku nenda rudi. Jipu lililoiva hupasuka lenyewe, na nta ya uvuguvugu hulainisha ngozi. Lakini kijana Platoni, mmoja wa wagonjwa hao, aliyewekeana dau la kunyanyua jiwe zito hadi matumbo yakamshuka, hakuwa na jipu. Na maji ya busha hayatoki kwa kupakwa nta. Ngiri iliyorudi ndani nayo hushuka tena siku mtu akibeba mzigo, kwa kuwa tundu halijazibwa. Hao walioshukiwa tena baada ya kufika nyumbani, nani angewaandika? Mkusanyaji wa miujiza alikaa kanisani.