Kitasa Kilichogoma Msimu wa Kusi

Mwezi wa Julai, upepo wa kusi ulipokuwa ukituletea manyunyu kutoka baharini, gari langu liligoma kufunguka karibu na feri ya Likoni, Mombasa, nami nikalowa huku mama akiningoja hospitalini. Betri ya rimoti ilikuwa imekwisha. Rimoti nyingi huficha ndani yake ufunguo mwembamba wa chuma, lakini nilipoutia mlangoni haukuzunguka hata kidogo, kwa sababu hewa ya chumvi ya pwani ilikuwa imekila kitasa ambacho hakijaguswa kwa miaka. Fundi wa funguo, kijana mpole kupita kiasi, hakuvunja kioo kama wapita njia walivyoshauri kwa sauti kubwa. Alipulizia mafuta kwenye tundu, akasubiri, akauchezesha ufunguo taratibu kushoto na kulia mpaka kutu nyekundu ikachuruzika, na mlango ukaitika. Namshukuru kwa dhati.

Ndugu zangu wa pwani, nawasihi mvizungushe vitasa vyenu kwa ufunguo mara kwa mara, hata kama rimoti inafanya kazi. Betri mpya ya rimoti yangu, ile bapa ya CR2032 yenye volti 3, niliipata kwa fundi wa saa mtaani Mwembe Tayari.