Nukta za Njano

Mwaka ule baba mkubwa alitibiwa malaria mpaka tukachoka. Bandama ilivimba akawa hawezi kufunga mkanda, usiku shuka zinalowa jasho. Walipopima damu, chembe nyeupe zilikuwa nyingi kupita kiasi. Daktari mmoja wa Upanga akashuku saratani ya damu, sampuli ikapelekwa India, nasi tukarudi Temeke kusubiri.

Siku ya majibu nilimpeleka mimi. Daktari, binti mdogo kwangu kiumri, hakutusomea karatasi. Aligeuza kompyuta yake mzee aone. Kulikuwa na viduara vya bluu kwenye giza, na ndani yake nukta zinazong'aa: nyekundu, kijani, njano.

"Mzee, hivi vya bluu ni viini vya chembe zako."

Akaeleza taratibu. Maabara ina vipande vya vinasaba vilivyotiwa rangi inayong'aa. Chembe zikipashwa joto, nyuzi mbili za vinasaba huachana, na kila kipande humtafuta anayelingana naye kikamng'ang'ania. Chekundu hunasa jeni ya ABL1 kwenye kromosomu ya 9 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya kiini), cha kijani hunasa jeni ya BCR kwenye kromosomu ya 22. Chembe isiyo na ugonjwa huonyesha nyekundu mbili na kijani mbili, kila moja mahali pake. Za baba mkubwa zilikuwa na nyekundu moja, kijani moja, na njano mbili. Njano ni pale rangi hizo zilipogandana, kwa sababu kromosomu mbili zilikatika zikabadilishana vipande; ndiyo saratani ya damu aliyoshukiwa.

Baba mkubwa aliendesha treni TAZARA mpaka alipostaafu. Akavaa miwani, akasogea karibu kabisa na kioo.

"Yaani behewa limefungwa kwenye treni isiyo yake."

"Ndivyo hasa, mzee."

Daktari akatuambia kromosomu hiyo mbovu iligunduliwa Philadelphia mwaka 1960 na Nowell na Hungerford, na kwamba mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago ndiye aliyeonyesha kuwa ni vipande vilivyobadilishana. Imatinib, kidonge kinachozima protini inayotoka kwenye muungano wa jeni hizo mbili, ilianza kutumika Marekani mwaka 2001.

Miezi yote ile kila mtu alikuwa na lake: malaria, vidonda vya tumbo, na shangazi akashikilia kwamba karogwa kwa ajili ya kiwanja cha Mbagala. Hakuna aliyemwonyesha kitu. Mgonjwa ana haki ya kuuona ugonjwa wake, na naomba siku moja kipimo hiki kiwe karibu na kila anayekihitaji, damu isisafiri baharini.

"Hizi njano zinatoka?" akauliza.

"Zinaweza kupungua, mzee, hata tukihesabu chembe mia mbili tusiikute njano hata moja. Lakini dawa ni kila siku, hata ukijisikia mzima."

"Nitakunywa. Sasa mtumie mwanangu hiyo picha kwenye simu, dada yangu aione. Kiwanja changu hakina uchawi."