Ruta Kwanza, Wi-Fi Baadaye: Nilivyoweka Mtandao wa Nyumbani

Ruta mpya ikitoka tu kwenye boksi, kila mtu nyumbani anataka jambo moja: apewe nenosiri la Wi-Fi aingie. Niliwaomba wanangu wavumilie kidogo. Nilichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, laini ya intaneti nikaiacha kando kwanza, nikaanza na nenosiri la ruta yenyewe.

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Manenosiri yapo mawili. Moja ni la Wi-Fi, lile unalompa mgeni. Jingine ni la kuingilia kwenye mipangilio, ule ukurasa unaofunguka ukiandika 192.168.0.1 au 192.168.1.1 kwenye kivinjari (anwani ya ruta yako mara nyingi imebandikwa chini yake). Mwenye hilo la pili ndiye mwenye mtandao. Anaweza kubadilisha la kwanza akakufungia nje, au akageuza seva za DNS, zile zinazobadilisha jina la tovuti kuwa anwani yake ya namba, ili ukiitafuta tovuti ya benki yako upelekwe kwa matapeli. Na ruta nyingi, hasa za zamani, hutoka kiwandani na "admin" kama jina la mtumiaji na "admin" hiyohiyo kama nenosiri. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilivamia kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu orodha ya manenosiri ya kiwandani yapatayo 60 tu. Mwezi Oktoba vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyoziendeshea tovuti nyingi kubwa huduma ya DNS, na kwa saa kadhaa watu wengi wakashindwa kufungua Twitter na Netflix. Wenye vifaa hawakujua lolote.

Nilipokuwa humo ndani nilizima mambo mawili. La kwanza ni ruhusa ya kuiendesha ruta kutoka nje kupitia intaneti, maana sina siku nitakayoihitaji. La pili ni WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kubonyeza kitufe au kuandika tarakimu 8. Ukisikia tarakimu 8 unaona ni ulinzi wa kutosha, lakini mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba ruta huikagua namba hiyo kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho hupatikana kwa hesabu kutokana na zile zilizotangulia. Kwa hiyo anayebahatisha ana majaribio 10,000 kwa kipande cha kwanza na 1,000 kwa cha pili, yaani 11,000 tu. Kompyuta haichoki kujaribu.

Baada ya hapo ndipo nikachomeka laini na kuiagiza ruta ijisasishe, kisha nikaja kwenye Wi-Fi.

Kwa aina ya ulinzi nilichagua WPA3, iliyotoka mwaka 2018. Printa yetu ya zamani ikagoma kabisa kuunganika, nikarudi kwenye ule mchanganyiko wa WPA3 na WPA2, ulinzi wa kizazi kilichoitangulia, nayo ikakubali. WPA2 bado inafaa, ila inadai nenosiri refu, na sababu yake ni hii: mtu akiwa karibu na nyumba yako anaweza kunasa salamu ambazo simu na ruta hupeana zinapounganika, akaondoka nazo, kisha akabahatisha maneno kwa kompyuta yake usiku na mchana bila ruta yako kujua. Kinachomshinda ni urefu. Nilifungua kamusi ovyo mara kadhaa na kuchukua neno nililoliangukia kila mara, nikapata kitu cha mtindo wa kifuniko-mbayuwayu-ratili-chokoza-gamba. Hata mtoto hukikariri kwa siku moja. Jina la mtandao nalo nililibadilisha, kwa sababu WPA2 hulichanganya jina hilo na nenosiri inapotengeneza ufunguo, na kwa majina ya kiwandani yaliyozoeleka wadukuzi walishapiga hesabu zao mapema. Sikuweka jina la ukoo wala namba ya nyumba.

Mdogo wangu aliniuliza, "Kaka, si ungelificha tu hilo jina lisionekane?" Nilimweleza kwamba ukilificha, simu yako ndiyo inayolitangaza kila iendako ikiulizia kama mtandao huo upo. Kuruhusu vifaa kwa anwani zao za MAC, yaani namba ya utambulisho ya kila kifaa, pia nilikuacha. Anwani hizo hupita hewani wazi, na kuziiga ni rahisi.

Mahali pa kuiweka ruta hapakunisumbua: katikati ya nyumba, juu ya kabati, mbali na maikrowevu, ambayo hufanya kazi karibu na masafa yaleyale ya gigahezi 2.4. Masafa hayo hugawanywa katika chaneli, na majirani wengi walikuwa wamejazana kwenye ya 6, nikahamia ya 11.

Kilichonichukua muda ni mtandao wa wageni, ile Wi-Fi ya pili inayotolewa na ruta hiyohiyo. Nilitaka runinga, balbu na kamera vikae huko, kwa sababu vifaa vya namna hiyo husahauliwa mapema na watengenezaji wake, na kikidukuliwa kimoja sitaki kiwe jirani wa kompyuta yenye nyaraka zetu. Watoto wakalalamika kwamba video haziendi tena kutoka kwenye simu hadi kwenye runinga. Walikuwa na haki: mtandao wa wageni umetengwa na ule mkuu, na mara nyingi hata vifaa vilivyomo havionani. Niliruhusu vionane, na wao wakitaka kurusha video huhamisha simu huko kwanza. Kwangu usumbufu huo mdogo unastahili.

Mwisho nilifungua orodha ya vifaa vilivyounganika na kukipa kila kimoja jina. Kimoja kilijiita Espressif, jina ambalo hakuna aliyelijua hapa nyumbani. Nikazima balbu ya ukumbini, kikatoweka kwenye orodha. Ni jina la kampuni iliyotengeneza chipu iliyo ndani ya balbu. Sasa kila mwanzo wa mwezi naipitia orodha hiyo na kuangalia kama kuna toleo jipya la programu ya ruta. Mtengenezaji akitangaza kwamba hatoi tena masasisho kwa modeli hii, nitanunua nyingine hata kama hii bado inawaka vizuri.