Siku moja maishani mwangu: kutafuta programu ya kuandikia tabulatura ya luti

Saa 2:00 asubuhi

Kazi ya leo ni nyimbo za Kiingereza za mwisho wa karne ya 16, sauti moja ikisindikizwa na luti. Aliyefungua mlango wa vitabu vya aina hii ni John Dowland, mtunzi na mpiga luti, kwa kitabu chake cha mwaka 1597. Kurasa zake zilipangwa ili kitabu kilazwe mezani na kila mwimbaji aone sehemu yake kutoka upande aliokaa. Mimi natakiwa kuziandika upya kwa kompyuta, zikae safi kwenye ukurasa wa kawaida. Kabla ya kugusa wimbo wowote, leo nachagua programu.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: luti ni ala ya nyuzi, ndugu wa udi, ila shingo yake ina freti, yaani vigawanyo vinavyoonyesha mahali pa kubana uzi, na nyuzi zake nyingi huenda mbilimbili. Tabulatura haisemi "piga re". Inakuambia uweke kidole wapi. Mtindo wa Kifaransa, ambao Waingereza nao waliutumia, una mistari sita, kila mstari jozi moja ya nyuzi, ule wa juu ukiwa wa sauti nyembamba kuliko zote. Herufi a ni uzi usiobanwa, b ni freti ya kwanza, na kadhalika, j inarukwa. Herufi c huchorwa kama r ili isifanane na e. Waitalia wanatumia tarakimu na kwa kawaida wanaupindua mpangilio, jozi nene juu. Wajerumani wa zamani hawakuwa na mistari kabisa. Ashukuriwe Mungu, kazi hii haina Mjerumani.

Saa 3:00

Nachagua ukurasa wa majaribio, ule mgumu kuliko wote. Una akodi (sauti zinazopigwa kwa pamoja) za nyuzi sita, besi ya jozi ya saba inayoandikwa chini ya mistari, nukta ndogo chini ya herufi kuonyesha kidole cha shahada cha mkono wa kulia, maneno ya wimbo yanayobanana, na alama za muda zinazotokea pale tu mwendo unapobadilika. Wimbo mwepesi utaandikika popote, na jioni nitakuwa sijajua chochote.

Saa 3:30

Naanza na MuseScore, programu ya kuandikia nota za kawaida, kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Tabulatura ya herufi imo, ya tarakimu imo, hata ile iliyopinduliwa. Sehemu ya mwimbaji na maneno yake inakaa vizuri sana.

Shida iko kwenye msingi, na nadhani hapa ndipo uamuzi wote ulipo. Programu za nota za kawaida zinafikiri kwa sauti: kila nota ina kimo chake na urefu wake, na tabulatura ni vazi tu linalovishwa juu. Tabulatura ya zamani haifikiri hivyo. Alama ya muda iliyo juu ya mistari inasema ni lini mkono unapiga tena, basi. Besi iliyopigwa mwanzo wa kipimo inaendelea kulia hadi lini? Ukurasa wa zamani umenyamaza. Mpigaji anaamua kwa sikio na kwa vidole. Programu ya nota haikubali kunyamaza. Inataka besi iwe na urefu, sauti ya kati iwe na urefu wake, na nafasi tupu zijazwe kwa alama za kimya. Nikijaza, nimekuwa mhariri wakati niliombwa kunakili. Nikiipa kila akodi urefu mmoja, tabulatura inatoka sawa, lakini nota zitakazotokana nayo zitasikika zimekatwakatwa.

Saa 6:30 mchana

Chakula. Ujumbe unaingia: mpiga gitaa mmoja anataka nyimbo hizi, anauliza kama nitamwandikia nota. Namjibu ashushe uzi wa tatu nusu toni tu. Nafasi kati ya nyuzi zitalingana na za luti, naye atasoma herufi zilezile kama zilivyo. Akitaka kimo cha luti ya sol (ambayo jozi yake ya juu ni sol), afunge kapo, kibano kinachobana nyuzi zote, kwenye freti ya tatu. Besi ya jozi ya saba pekee ndiyo atakayoipandisha oktavu. Basi programu si lazima initolee nota za gitaa: sharti moja la kuichagulia limeondoka.

Saa 7:30

Fronimo, ya Windows, imetengenezwa kwa ajili ya luti. Hapa herufi ndiyo chanzo: unaandika a, c, d mahali pake, unaweka alama ya muda juu, unasonga mbele. Nota zinaweza kuzalishwa kutoka kwenye tabulatura, yaani njia ni kinyume cha ile ya asubuhi. Nukta za vidole zipo, besi za chini zipo. Kasi yangu inapanda mara moja, kwani sibishani tena na mashine kuhusu urefu wa nota.

Saa 9:30 alasiri

Zamu ya programu za maandishi matupu, ambazo unaziandikia muziki kama faili la maandishi, nazo zinauchora ukurasa. TAB ya Wayne Cripps inanifurahisha kuliko nilivyotarajia: kila mstari wa faili ni pigo moja, kwanza alama ya muda, kisha herufi kuanzia jozi ya juu. LilyPond nayo inajua herufi na besi za ziada, ambazo inazichapa chini ya mistari kama a, kisha a zenye mikwaju, halafu 4, 5 na kuendelea. Sura ya ukurasa wake ni nzuri mno, lakini nayo inaanzia kwenye sauti na urefu.

Faili la maandishi lina faida nyingine: litafunguka kwenye kompyuta yoyote. Finale, programu ya nota iliyoanza miaka ya 1980, ilitangazwa mwisho wake Agosti 2024, na wenye mafaili yake wakaambiwa wayahamishe. Kwa hiyo nikichagua programu nauliza pia nitatokaje humo. Kwa tabulatura kuna luteconv, ya bure, inayobadilisha mafaili kutoka muundo mmoja hadi mwingine.

Saa 11:00 jioni

Nimeamua. Luti itaandikwa kwenye Fronimo, na kila wimbo ukikamilika nitahifadhi nakala ya muundo wa TAB pembeni. MuseScore ningemshauri mtu anayetunga muziki mpya wa luti, maana huyo urefu wa kila nota anao kichwani tayari.

Saa 1:00 usiku

Nimechapa ukurasa na kumtumia mpiga luti atakayeutumia. Jibu lake ni fupi: herufi ziongezwe ukubwa, na alama ya muda irudiwe mwanzoni mwa kila mstari mpya hata kama mwendo haujabadilika. La pili nalifanya sasa hivi; la kwanza litanisukumia ubeti wa mwisho ukurasa wa pili, kwa hiyo namuuliza kama yuko tayari kugeuza ukurasa katikati ya wimbo.