Siku moja maishani mwangu: kila gari linakuja likidai gesi

Saa 12:40 asubuhi

Nafungua geti la gereji yetu hapa Tabata jua likiwa bado halijakaza. Ni Februari, na Februari ya Dar es Salaam haina huruma: ikifika saa 4 kipimajoto nilichotundika ukutani kitakuwa kimepita nyuzi 31. AC mbovu ambazo wenyewe walizivumilia kipindi cha mvua, sasa hazivumiliki tena. Kijana wangu anafagia, mimi nakagua mipira ya geji na kupima mtungi wa gesi kwenye mizani, kisha tunakunywa chai.

Ninatengeneza AC za magari, karibu yote ni ya zamani, mwaka wa 14 huu. Sentensi ninayoisikia kuliko zote ni hii: "Fundi, niwekee gesi." Naipokea kwa heshima, maana mteja anasema alichoambiwa. Lakini gesi ya AC haiunguzwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa: kompresa inaikandamiza, kondensa ya mbele inaipoza hadi inakuwa kimiminika, inapita kwenye draya inayonyonya unyevu, inabanwa kwenye ekspansheni valvu, halafu inachemka ndani ya kuling koili chini ya dashibodi na kunyonya joto la watu waliokaa garini. Kisha inarudi kwenye kompresa. Ikipungua, kuna mahali inatokea. Kama haijapungua, kuiongeza ni kuliumiza gari.

Saa 1:15

Wa kwanza ni dereva wa teksi mwenye Corolla 110. "Fundi, ikitembea inapoa vizuri. Nikiingia foleni inapuliza joto. Niwekee gesi niwahi abiria."

"Kaka, usizime. Liache lingurume hapohapo."

Maneno yake yameshanipa nusu ya jibu. Gari likitembea, upepo wa barabarani unapoza kondensa. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni peke yake. Nafunga geji za presha, zinazosoma kwa psi: upande mdogo, yaani wa presha ya chini, 42, upande mkubwa, wa presha ya juu, 190. Asubuhi hii na ubaridi wake, mtu angesema ni nzima. Nasubiri. Dakika ya tano mshale mwekundu, wa upande mkubwa, uko 280, ya nane uko 340, na hewa ya ndani imeshakuwa vuguvugu. Kwenye Toyota nyingi swichi ya presha hukata kompresa ikikaribia psi 455, lakini kompresa inakuwa imeteseka muda mrefu kabla ya kufika huko.

Kijana anamwagia kondensa ndoo ya maji. Mshale unaporomoka hadi 230, na baridi inarudi. Ni kipimo cha zamani kisichohitaji mashine yoyote, nami bado nakipenda, kwa sababu mwenye gari anajionea mwenyewe kwamba gesi ipo na shida ni joto lisilopata pa kutokea.

Corolla hii ina feni mbili. Moja inazunguka, ya kondensa imelala. Nachomeka taa ya kupimia kwenye waya wake: inawaka, kwa hiyo fyuzi na rilei ni nzima. Nagonga mota taratibu kwa mpini wa spana, feni inaamka na kuzunguka. Kaboni zake zimekwisha. Kijana anapanda bodaboda kwenda Gerezani, mtaa wa vipuri, kutafuta mota mtumba. Huku nyuma naosha kondensa kwa maji ya bomba la kawaida, kutokea ndani kwenda nje. Mashine ya presha siisogezi hapo, mapezi yale ni laini na yakilala upepo haupiti tena.

Saa 3:20 mota imefungwa, gari limenguruma robo saa mahali pamoja, na mshale umetulia 225. Gesi haikuguswa.

Saa 3:40

RAV4 ya 1998. Dada ni mwalimu, anaishi Kibaha na anafundisha mjini. Tangu Krismasi amewekewa gesi mara nne, gereji tatu tofauti. Kila mara inapoa siku hiyo, kesho yake akifika Mbezi inakata. Akiegesha nusu saa inapoa tena.

Hii ndiyo kazi iliyonilia siku, na sijutii.

Naanza na geji injini ikiwa imezimwa. Pande zote mbili zinasoma kama 100. Hapa mafundi wengi hudanganyika, nami nilidanganyika miaka yangu ya mwanzo. R134a, gesi iliyomo humu, ikiwa imetulia kwenye nyuzi 30, presha yake ni kama psi 97, na itasoma hivyohivyo iwe umebakiza gramu 200 au umeshindilia gramu 900, ilimradi ndani kuna kimiminika kidogo. Namba hiyo inakuambia gesi ipo. Kiasi haikuambii. Kiasi inakijua mizani tu.

Nawasha. Upande mdogo 55, upande mkubwa 290. Imejazwa kupita kiasi. Nainyonya yote kwa mashine kwenda kwenye mtungi, naipima, nasoma kibandiko kilicho chini ya boneti chenye gramu za kiwandani. Ilikuwa imezidi kwa zaidi ya robo. Siiachii hewani kamwe. R134a haitoboi tabaka la ozoni, lakini kilo moja yake inapasha joto dunia kama kilo 1,430 za hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Ndiyo maana gesi za jamii hii ziliingizwa kwenye makubaliano ya Kigali ya 2016, ya kupunguza matumizi yake. Nikiwa na mtungi na mashine, sina kisingizio.

Navuta vakyumu, yaani natoa hewa yote ndani, dakika 40, mshale unakaa chini pasipo kutikisika, kisha narudisha gramu zilezile za kwenye kibandiko. Sasa inasoma 38 na 215. Safi kabisa. Lakini gesi iliyozidi ilikuwa kosa la mafundi. Ugonjwa wa dada ulikuwepo kabla yake, na bado sijauona.

Kwa hiyo tunasubiri. Boneti nimelirudisha chini, AC iko juu kabisa, injini inazidi kupata moto. Dada amekaa kwenye benchi anasahihisha madaftari. Dakika ya 20, hakuna kitu. Dakika ya 27 nasikia "tak", na mishale miwili inaanza kuelekeana, mdogo unapanda, mkubwa unashuka. Kompresa imesimama.

Hapo ndipo mita inapotakiwa, na haraka, kabla haijapoa. Waya wa klachi, ile sumaku inayoishikisha kompresa kwenye puli ya injini, unasoma volti 13.6. Umeme unafika! Swichi ya presha imeruhusu, rilei imeruhusu, kompyuta imeruhusu. Puli inazunguka, sahani ya klachi imesimama mbele yake kama mtu aliyekataa kushikwa mkono.

Nazima gari, nachukua fila geji, napima nafasi kati ya sahani na puli. Inapita milimita 1.1. Kwa klachi za aina hii nafasi inayofaa ni kama nusu milimita. Miaka zaidi ya 25 ya kushika na kuachia imekula chuma kidogokidogo, na nafasi imepanuka. Koili ya klachi ikiwa baridi, sumaku yake ina nguvu ya kuruka nafasi hiyo. Ikipata moto, ukinzani wa shaba unapanda, umeme unaopita unapungua, sumaku inachoka, sahani inabaki ilipo. Ukiegesha nusu saa koili inapoa na kila kitu kinarudi. Na aliyeweka gesi anaonekana ametibu, kwa sababu alipomaliza kazi koili ilikuwa imeshapoa.

Dawa yake ni bolti moja ya katikati. Natoa sahani, ndani kuna vishimu vyembamba vya chuma. Naondoa kimoja, narudisha, napima: 0.5. Nazungusha kwa mkono kuhakikisha haigusi puli popote.

Tunawasha na kusubiri dakika 45. Haikati. Kipimajoto kwenye tundu la katikati kinasoma nyuzi 8.

"Umebadilisha nini, kaka?"

Namwonyesha kile kishimu kwenye kiganja. Anakitazama muda mrefu. "Kwa hiyo zile hela zote za gesi..."

"Pole, dada."

Sikuwa na neno jingine. Inaniuma, kwa sababu hela zile ni mshahara wa mwalimu. Nimemtoza ufundi tu, na kishimu ameondoka nacho kwenye pochi.

Saa 7:30 mchana

Wali maharage wa mama ntilie, tukila wima. Katikati ya chakula anaingia kijana wa Mark II: feni ya ndani inafanya kazi namba 4 tu, namba 1 hadi 3 kimya. Hiyo ni rezista ya bloa, inayopunguza kasi ya feni hiyo, iko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Skrubu mbili. Alikuwa ameambiwa anunue bloa nzima.

Saa 8:20

Mzee amekuja na Benzi lake W124 la 1989. Analitunza kama mboni ya jicho na mimi nalipenda pia, kwa hiyo nalishika taratibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wanasema gari hili halina tiba, gesi yake haitengenezwi tena."

Nusu ya hayo ni kweli. Lilizaliwa na R12, gesi ambayo Mkataba wa Montreal wa 1987 ulikuja kuiwekea mwisho kwa sababu ya ozoni. Nchi tajiri ziliacha kuitengeneza mwishoni mwa 1995, nchi zetu zikapewa hadi 2010. Fundi fulani aliwahi kulihamishia R134a kwa kufunga viunganishi vipya na kushindilia gesi, basi. Hakugusa oili. Oili ya R12 ni ya madini, na haichanganyiki na R134a. Inabaki imejikusanya pembeni wakati kompresa inazunguka kwa kiu. Mipira ya zamani nayo haina utando wa ndani wa kuzuia gesi hii yenye chembe ndogo zaidi, ikapenya polepole.

Geji inasoma sifuri. Naingiza nitrojeni psi 150. Hewa ya kompresa ya gereji siiingizi kwa sababu ya unyevu wake, na oksijeni kamwe, ikikutana na oili inalipuka. Povu la sabuni kwenye kila kiungo. Kwenye ncha ya mpira wa kunyonya, palipobanwa kwa chuma, povu linafura kama mkate. Weusi wa oili uliokuwa pale ulikuwa unatuonyesha siku zote.

"Mzee, kompresa yako ni nzima. Ila leo hutaondoka nalo."

Anacheka, anaomba kiti. Kijana anarudi Gerezani na ule mpira, kwa wale wanaobana mipira ya haidroliki, na nimemwandikia kwenye karatasi: mpira wa R134a, si mwingine. Mimi namwaga oili ya zamani, nasafisha mabomba, nabadilisha draya na oringi zote, zile pete za mpira za kwenye viungo. Nimezihesabu: 11.

Saa 12:10 jioni

Mpira umerudi, umefungwa. Nimejaza tena nitrojeni: 150 kamili, joto nyuzi 33. Nimeviandika vyote viwili kwa chaki kwenye kigae chini ya Benzi, kwa sababu usiku ukishuka hadi nyuzi 27 mshale utashuka kama psi 3 bila kuvuja popote, na sitaki asubuhi nianze kutafuta tundu lisilokuwepo. Mzee ameshachukua bajaji kwenda nyumbani. Kijana ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Nafunika boneti kwa turubai, mipira ya geji imening'inia pembeni, naangalia mshale mara moja tena: 150. Nafunga geti.